Mtia Rangi na Macho ya Paka

Mtaani walimwita Mama Paka, naye aliitikia. Mwanzoni lilikuwa jina la kumsuta, maana binti yake wa pekee ana macho ya kijani yenye vitone vya kahawia, yale ambayo watu huyaita macho ya paka. Miaka ilivyokwenda sumu iliisha, likabaki jina tu. Watoto wa jirani waliotumwa kuomba kiberiti walisema, "Shikamoo Mama Paka," bila kujua wametamka tusi.

Alikuwa mke wa mtia rangi vitambaa. Fundi, kama kila mtu alivyomwita, alikuwa na uwanja wa mapipa nyuma ya nyumba. Mkewe na wafanyakazi wachache ndio waliochochea moto, wakakoroga, wakasuuza, wakaanika. Fundi alichanganya rangi, na katika kuchanganya hakuwa na mpinzani. Ukimletea kipande cha nguo, hukitoa juani, hukigeuza huku na huku, kisha hurudi kwenye makopo yake. Nguo mpya ikikauka, huwezi kuitofautisha na kile kipande. Kichwa kilimvimba kwa hilo, na si bure.

Binti alipozaliwa macho yake yalikuwa ya kijivujivu, hakuna aliyejali. Alipoanza kukaa, rangi ikajitokeza. Asubuhi moja Fundi alimchukua mtoto mikononi mwa mama yake, akamtoa juani, akamgeuza uso huku na huku kama kitambaa cha mteja. Wafanyakazi wakaacha kukoroga.

"Kahawia na kahawia hutoa kahawia," alisema. "Ikizidi, hutoa nyeusi. Kijani haitoki hapo hata ukoroge mpaka kesho. Kuna mtu ametia mkono kwenye pipa langu."

Mkewe alicheka, akidhani ni utani. Jioni ile alikuwa ameachwa, yuko kwa dada yake, mtoto mgongoni, sufuria moja mkononi. Aliapa, alilia, aliita wazee. Kila aliyekwenda kusuluhisha alirudi akikuna kichwa, kwa sababu mambo ya rangi nani angebishana na Fundi? Hata dada yake alimvuta pembeni siku moja. "Niambie mimi tu, mdogo wangu. Ni nani?" Swali hilo lilimkaa rohoni kuliko talaka yenyewe.

Alipata kazi ya kufua katika hospitali ya macho. Alifua mashuka, mapazia na vitambaa vya chumba cha upasuaji, na mikono ile iliyokuwa buluu leo na myekundu kesho ikawa myeupe kwa sabuni. Binti akakulia hapo, kati ya ndoo na kamba.

Hospitalini alikuwepo mpima macho, mama mnene mwenye maneno mengi. Siku binti alipoletwa na wekundu wa jicho, alimweka kidevu kwenye mashine yake yenye taa, akamaliza kumpima, kisha akamwita mama.

"Njoo uone vitu vya bintiyo."

Aliweka jicho kwenye kioo. Kwenye duara linalozunguka mboni aliona nyuzi nyembamba, nyeupe-nyeupe, zimetandazwa kama pamba ambayo bado haijaingia kwenye pipa, na vitone vya kahawia hapa na pale.

"Kijani yenyewe iko wapi?"

"Haipo, mwenzangu. Rangi ya jicho inaitwa melanini, na ni kahawia tu. Mimi na wewe tunayo tele, ndiyo maana macho yetu yameiva. Huyu anayo kidogo. Mwanga ukiingia kwenye nyuzi hizo unatawanyika, na ule wa buluu ndio unaoturudia zaidi. Changanya na hiyo kahawia kidogo, sisi tunaona kijani. Ni kama mbingu. Kuna fundi aliyeipaka mbingu rangi?"

"Na huo uchache kautoa wapi?"

"Kwenu. Kwa mama na kwa baba. Kiasi cha rangi kinaamuliwa na vinasaba, tena vingi. Mtu ana macho meusi tititi, lakini amebeba vya macho mepesi alivyoachiwa na bibi wa bibi yake. Akikutana na mwenzake aliyebeba vile vile, mtoto anaweza kutoka hivi."

"Kwa hiyo mume wangu angeweza kuwa amebeba?"

"Angeweza. Na asijue mpaka anazikwa."

Alirudi kwenye ndoo zake. Sasa alijua, lakini angemwambia nani? Fundi alikuwa ameoa tena na amepata mtoto wa kiume, mwenye macho ya kahawia kama ya baba yake, na mtaa mzima ulikwisha kuhukumu. Alimweleza binti yake tu. Binti akasema, "Sawa, mama," kama mtu anayempokelea mgonjwa dawa.

Miaka ikapita. Yule mtoto wa kiume akaoa. Ndipo msichana mmoja akabisha hodi kwa Mama Paka, amebeba mtoto kiunoni.

"Shikamoo mama. Mimi ni mke wa mtoto wa Fundi."

Mama Paka alishika mlango aufunge. Mtoto akainua uso. Alikuwa na macho yale yale.

"Ingia."

Msichana alieleza akiwa amesimama. Mzee amemtaka arudi kwao kabla wiki haijaisha.

"Na mumeo anasemaje?"

"Yeye anaangalia vidole vyake vya miguu."

"Mzee alimtoa mtoto juani?"

"Alimtoa."

"Akasema kahawia na kahawia..."

"Hutoa kahawia," msichana alimalizia, na wote wawili wakacheka kicheko kibaya.

Mama Paka alimtazama mtoto tena. Mama mkwe wa huyu ndiye aliyelala kwenye kitanda chake. Angeweza kusema pole, mwanangu, akafunga mlango, na hakuna ambaye angemlaumu. Alifunga kitambaa kichwani, akasema, "Twende."

Fundi alikuwa pipani, mgongo umepinda. Mwanawe alikuwa akianika, na wafanyakazi walikuwepo. Mama Paka hakusalimu.

"Fundi, nina swali. Binti yangu ana miaka ishirini na mitano. Huyu mtoto hajatembea. Mimi na mkwe wako tumezini na mwanamume gani huyo mmoja? Nionyeshe, maana kwa umri wake anastahili pongezi."

Mfanyakazi mmoja alikohoa kuficha kicheko.

"Mwanamke, usinivunjie heshima kwenye uwanja wangu."

"Basi nijibu. Au hayo macho yamo ndani ya nyumba yako? Wewe umeyabeba, mwanao kayabeba kwako, na hakuna aliyeyaona. Jicho halichovywi kwenye pipa, Fundi. Kijani haijatiwa na mtu, ni kahawia iliyopungua. Nenda hospitali ya macho uulize."

Fundi alimtazama mjukuu, kisha mwanawe, ambaye kwa mara ya kwanza aliinua kichwa.

"Baba, mimi mke wangu simrudishi kwao."

Mapovu yalipanda pipani bila mtu wa kukoroga. Mwishowe Fundi alisema, bila kumtazama yeyote, "Mkwe, mwingize mtoto ndani. Jua kali."

Msichana akaingia. Mama Paka alibaki amesimama. Neno la radhi alilostahili kuambiwa lilikuwa bado, na kila mtu pale alijua. Fundi alichukua mti, akakoroga, akakoroga. Alitaka asaidiwe kulitamka. Mama Paka hakumsaidia.

"Nitafanya nini sasa?" Fundi aliuliza pipa. "Watu walishazoea."

"Walizoezwa na wewe," alisema, akaondoka.

Baada ya hapo alimngoja, ingawa hakumwambia mtu. Fundi alikuja siku ya mapumziko. Mama Paka alikuwa ndani akikunja nguo, akaisikia sauti mlangoni.

"Unamtafuta nani, mzee?" binti aliuliza.

"Nadhani nimekosea nyumba."

"Pole. Unakwenda kwa nani nikuelekeze?"

"Usijali, mama. Nitaiona."

Binti aliingia, akaketi kusaidia kukunja.

"Ni nani?"

"Mzee mmoja mwenye mikono ya buluu. Kanikodolea macho mpaka nikaona aibu."

"Huyo ndiye baba yako."

Binti alisimama, akaenda mpaka mlangoni. Fundi alikuwa bado hajafika kona, alitembea polepole. Binti alimtazama mpaka alipokata kona, kisha akarudi akachukua shuka lililobaki.

"Shika pembe hiyo, mama," alisema. "Tulikunje."