Nilivyomjibia Tonton Bosco

Nichekeni, lakini kazi ya kuwatafutia watu ajira siachi. Juzi nilimpeleka Tonton Bosco, yaani Mjomba Bosco, aliyeumia ubongo kwa ajali ya pikipiki, kuomba kazi kwenye depo ya unga hapa Kisangani. Mimi ndiye ninayewahubiria wenzangu: mtu kama yeye apewe muda wa kujibu.

Mama mwenye depo akamwuliza, "Tonton, unajua kupanga mizigo?"

Kimya. Kikaniwasha, nikajibu mimi. Akauliza tena, nikajibu tena.

"Bon," akanigeukia, "ni wewe unatafuta kazi?"

Tonton Bosco akainua mkono. "Mama, mimi iko najibu polepole. Kila nikipata neno, huyu mutu ameshasimama juu yake."

Wapagazi wa depo waliokuwa wakisikiliza wakaangua kicheko. Tonton akaambiwa aendelee. Mimi nikaambiwa nisubiri nje.