Thamostati katika Sufuria ya Levina

Kila nipitapo Lumemo hupumzika kwa Wendelin. Safari hii nilimkuta ameinamia injini ya pikapu yake ya zamani, spana mkononi. Gari hilo halikuwa limeguswa tangu mkewe, Levina, afariki.

Mafundi wetu wa Ifakara, gari kuukuu likiingia gereji, wanaanza kwa kung'oa thamostati. Wanasema ni kidude cha nchi za baridi. Huku joto limejaa tele, acha maji yatembee. Wendelin alikataa, wakamcheka wakimwita Mzungu wa Lumemo. Yeye alisema waliokitengeneza si wajinga: kinafumba maji yasipite, injini ipate moto kwanza, halafu kinafunguka maji yaende kupoa kwenye rejeta. Levina naye alimsihi akitoe. Akajibiwa apike wali wake, injini aiache.

Masika iliyopita Wendelin alikuwa akimkimbiza hospitali kutoka Mngeta, tumbo linamkata, gari likachemsha njiani. Wakangoja lipoe. Levina hakuweza kungoja.

Msibani, Fridolin, kaka wa marehemu na fundi pia, alisema mbele za watu kwamba kidude kile kimemuua dada yake. Wendelin akaapa ni kizima. Tangu hapo hawakusemeshana tena.

Sasa alitaka kujua. Akakifungua kidude kwenye injini, akabandika maji kwenye sufuria ya Levina, akakining'iniza humo kwa uzi kisiguse chini. Kikifunguka, basi Fridolin amemsingizia. Tukakaa tukikitazama. Maji yakatoa mvuke, yakachemka, yakaruka mpaka yakamwagikia moto. Kidude kimefumba vilevile. Nikasema labda kuni ni mbichi. Akaongeza kuni, nadhani kwa kuniridhisha tu. Hakikufunguka.

Alikitoa, akakifunga kwenye leso kikiwa bado cha moto, akaenda nacho gereji kwa Fridolin. Nikamfuata nyuma.

"Shemeji," alisema, "kimegoma."

Fridolin alikipokea, akakigeuza, akakisugua kutu kwa kidole gumba. Nilidhani atamtolea maneno.

"Umekipima kwenye nini?"

"Kwenye sufuria yake."

"Ile ya wali?"

"Ileile."

Fridolin aliinamisha kichwa. Kisha akasogea kwenye benchi, akampisha shemeji yake akae.