Kidole cha Muuguzi

Juzi nilimsindikiza jirani yangu, bibi mwenzangu wa hapa mtaani Lucky Summer, hospitalini akapasuliwe uvimbe wa shingo. Muuguzi alipomaliza kumtoa damu, sindano ile ile ikamchoma yeye mwenyewe kidoleni. Akakimbilia mferejini, akaosha kwa sabuni, akarudi pole pole.

"Shosho, samahani. Naomba tupime hii damu yako, Ukimwi na homa ya ini."

"Umechomwa wewe, na bado unaniomba msamaha?" Kisha jirani akashika kifua. "Mwanangu, sisi mganga alituchanja chale ukoo mzima kwa wembe mmoja. Sijui nimebeba nini."

Muuguzi akaketi kitandani. Jirani akamshika kile kidole, akaiombea damu yake mwenyewe kwa sauti, na wadi nzima, Wakristo kwa Waislamu, ikaitikia amina.

Majibu yakaja. "Shosho, hakuna kitu!" Muuguzi akamkumbatia huku akilia.

Jirani akamfuta machozi. "Haya, na wewe ukapimwe. Kesho kwenye upasuaji mikono yako itakuwa shingoni mwangu."

Tukacheka sote. Kisu kilikuwa bado hakijamgusa mtu, lakini mle wadini wawili walikuwa wameshapona.