Unga wa Bi Zuwena

Iko siku moja, katika zote nilizovaa sare ya unesi, ambayo nnaikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na si siku ya kujisifia. Miaka yote hii nimekuwa nikiizunguka. Mkiniuliza mambo ya kazi yangu huwasimulia yule bwana aliyekimbilia gari lake na sindano kumi zimemsimama mgongoni, mnacheka, basi na mimi natoka salama. Lakini jana umeniletea ripoti yako niisome kabla hujampelekea mwalimu wako wa chuo. Ukaniambia mgonjwa wako wa ajabu, hata madaktari wakubwa hawajaona mfano wake. Nikasoma, nikafika pale panapoulizwa dawa nyingine anazotumia. Umeandika: hakuna.

Nikakuuliza, "Ulimuuliza?"

"Anaonekana hana, Bibi."

Ukaniona chakula kimenishinda, ukadhani pilau imezidi chumvi. Pilau haikuwa na kitu. Haya, kaa hapa, na simu hiyo izime, maana nikikatizwa sitorudia.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Wazee wangu walirudi Oman kutoka Unguja mimi mdogo, na nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa cha ndani, Kiarabu cha mlangoni, kama mnavyoishi nyinyi. Nikapata kazi kliniki moja Azaiba, juu ya duka la mapazia. Daktari wake alikuwa Mkorea, tukimwita Daktari Han. Akishika mapigo ya mishipa mikono yote miwili kwa vidole vitatu vitatu, akitazama ulimi, akichoma sindano nyembamba mno, akichemsha mizizi mpaka wenye mapazia wakapanda ngazi kulalamika harufu. Watu wakimwona mganga tu. Wallahi, sijafanya kazi na daktari mgumu kama yule.

Kila mgonjwa alikuwa na karatasi yake, kurasa tatu za maswali. Unalala vipi, jasho linakutoka wapi, unapenda maji ya moto au ya baridi, choo kikoje. Na swali la mwisho halikosi: kuna dawa gani nyingine unatumia, ya hospitali au ya nyumbani? Alikuwa akisema mgonjwa akipata nafuu na wewe hujui anakunywa nini, basi hujamtibu, umebahatisha. Maswali yale yalikuwa kazi yangu. Yeye Kiingereza chake cha kukatakata, mimi nikigeuza Kiarabu au Kiswahili, nikiandika majibu. Kila alichokijua kuhusu wagonjwa wetu alikijua kwa mdomo wangu. Likumbuke hilo.

Akaja Bi Zuwena, kaletwa na mke wa mwanawe kutoka Quriyat. Mkono wa kulia umemlegea kwenye kifundo, ukimwambia anyanyue kiganja, hakinyanyuki, kinaning'inia tu. Hospitali walimpiga picha ya shingo na ya mkono, wasione kitu. Na Bi Zuwena, mwanangu, alikuwa mshona kofia. Zile za mkono, za vitundu vidogo vidogo, kofia moja huchukua miezi. Alikuwa kaanza ya mjukuu wake wa kwanza kuoa, akaifikisha nusu, mkono ukamkatalia. Kaja nayo ndani ya mkoba, sindano imechomekwa pale alipoishia, ati Mungu akimjaalia aendelee palepale.

Aliponisikia Kiswahili changu akafurahi. "Wa nani weye? Wa Malindi ya Unguja?" Tukachambua ukoo, kumbe alikuwa shoga wa bibi yangu mzaa mama. Toka hapo sikuwa nesi tena, nikawa mjukuu.

Mkwewe akatoka kwenda kuswali adhuhuri. Bi Zuwena akaniinamia sikioni. "Mwanangu, mie tumbo hunisumbua siku nyingi. Kuna unga kanipa dada yangu, nnakunywa kijiko kila asubuhi. Lakini mwanangu Nassor kaniapisha niache dawa za makopo. Akijua itakuwa vita nyumbani. Nisitiri." Akanifunulia kikopo. Unga wa rangi ya chungwa, mzito, hauna harufu.

Nikamwambia, "Basi uache kwanza mpaka tumalize matibabu, usichanganye." Nikajiona mwenye akili kweli. Kisha nikachukua kalamu, pale pa dawa nyingine nikaandika: hakuna.

Ningefanyaje? Mtu mzima, shoga wa bibi yangu, kaniomba sitara. Kwetu sisi ombi hilo halikataliwi. Na karatasi ile mkwewe alikuwa akiichungulia kila wakija.

Wiki zikapita, mkono ukaanza kunyanyuka. Kidogo, halafu zaidi. Daktari Han akiupima kwa kipimo chake, akiupiga picha, na yeye asiyecheka akawa anacheka peke yake. Akaniambia hajaona mkono wa namna ile ukirudi haraka hivyo kwa sindano, na kwamba ataandika ripoti ipelekwe jarida la madaktari kwao. "Na jina lako nitalitia," akasema, "maana wewe ndiye uliyeandika kila kitu." Loo! Siku hiyo nilirudi nyumbani sioni barabara. Mimi, binti wa muuza vitambaa, jina langu ndani ya jarida la Korea!

Sasa ndiyo hiyo siku ninayokwambia. Daktari alikuwa akimtazama Bi Zuwena ulimi, akamvuta mdomo wa chini kidogo, akaona mstari mweusi wenye ubuluu kwenye ufizi, chini ya meno. Akautazama tena. Akanigeukia. "Muulize tena. Kuna kitu chochote anakunywa au alikuwa akinywa?"

Bi Zuwena kakaa, hajui Kiingereza, ananitazama akisubiri nimgeuzie. Neno moja tu. Nikajibu mwenyewe bila ya kumuuliza. "Hakuna, Daktari. Kahawa hiyo. Wazee wetu wanakunywa sana kahawa."

Akaandika: kahawa.

Astaghfirullah. Miaka nimejidanganya kuwa nilikuwa nikimsitiri mtu mzima. Siku ya kwanza, labda. Siku ya pili sikuwa namsitiri mtu. Nilishajua mkono umeanza kupona tangu alipoacha unga, nilikuwa na akili ya kutosha kuliona hilo, na nikaogopa unga ule utaiharibu ripoti yangu. Nimesema yangu, umesikia? Ilikuwa ya Daktari, na mkono ulikuwa wa Bi Zuwena, lakini mimi nilishaifanya yangu.

Jarida likafika. Herufi zake hakuna aliyezijua nyumbani, ila majina mawili juu yalikuwa kwa herufi za kizungu, na la pili langu. Mama akaliweka sebuleni pembeni ya sinia ya halua, kila mgeni akija lazima alione. Watu wakilishika juu chini, wakisema mashaallah.

Na Bi Zuwena, kwa kuwa kamaliza matibabu, karudi Quriyat na tumbo lake. Nilimwambia auache unga mpaka tumalize. Si tumemaliza? Akauanza tena, safari hii vijiko viwili, maana tumbo lilikuwa limezidi.

Miezi minane baadaye Nassor akapiga simu kliniki. Mama yake yuko hospitali, mikono yote miwili imeanguka, uso umempauka, wajukuu anawachanganya majina. Sikumaliza hata kufunga viatu. Nikafika wodini, nikamvuta daktari pembeni, nikamwambia: kuna unga. Wakampima damu, wakampima na unga. Madini ya risasi, mwanangu. Ndani ya mwili ule mdogo mlikuwa na risasi nyingi mpaka wakashangaa vipi bado anaongea. Mstari ule wa ufizini ulikuwa unasema hivyo hivyo, na mimi nikauita kahawa.

Wakamsafisha damu kwa dawa. Akili ikarudi, tumbo likapoa, mkono wa kushoto ukarudi. Wa kulia ulibaki vile.

Alasiri ya siku ile ile ya vipimo nikamwambia Daktari Han yote. Alikuwa akipanga mizizi yake kwenye droo. Hakunifokea, laiti angenifokea. Akasema, "Nilikuuliza mara mbili." Halafu akasema kitu ambacho mimi sikuwahi kukifikiria hata mara moja: kwamba mahali fulani yuko daktari aliyeisoma ripoti yetu, ana mgonjwa wa mkono kama ule, na kwa sababu yetu anamchoma sindano wala hampimi damu.

Akaandika barua kuifuta ripoti, kwa jina lake, aibu yote akaibeba yeye. Akataka tuandike nyingine, ya kweli. Akaniwekea karatasi mbele yangu. "Sehemu hii andika wewe: niliulizwa, nikasema hapana. Manesi wenzako wasome." Nikamwambia nitaandika. Kila wiki nikimwambia nitaandika. Mkataba wake ukaisha, akaja kuniaga, akanipa mkono, hakuniuliza tena. Sikuandika.

Na hilo si baya kuliko yote.

Nilikwenda Quriyat kumtazama Bi Zuwena. Nikamkuta kibarazani, mkono wake pajani juu ya mto. Akanifurahia, akaamrisha kahawa, akanambia, "Unaona, mwanangu, kumbe ule unga! Na yule daktari wako, maskini, sindano zote zile, hata hakuuliza mtu anakunywa nini." Mkwewe akaitikia kutoka jikoni, naam, sindano zote zile.

Pale, mwanangu. Pale ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Aliuliza, Bi Zuwena. Aliuliza mara mbili, mimi ndiye niliyekujibia. Maneno mangapi hayo? Nikapokea kikombe, nikanywa kahawa.

Akaagiza mkoba wake, akatoa ile kofia. Mjukuu alishaoa na kofia ya dukani. "Chukua, labda utaimalizia weye. Mie mkono umenikatalia." Kisha akanishika kwa ule wa kushoto. "Ulinisitiri nilipokuomba. Na wewe Mungu akusitiri." Hakumaliza mwaka, Mungu amrehemu, moyo tu, si risasi. Alikwenda akiamini mimi nilimfanyia wema na Daktari Han alikuwa mzembe.

Kofia hii hapa. Ishike, usiogope. Sindano sijaitoa.

Basi sikiliza, maana wewe ndiye uliyeingia kazi hii. Mgonjwa akikwambia siri, msitiri kwa mkwe, msitiri kwa jirani, msitiri hata kwangu mimi. Kwa anayemtibu, hapana. Hapo si sitara, hapo umemfungia mlango akiwa ndani. Muulize akiwa peke yake, na mwambie mapema, kabla hajafunua kikopo, kwamba utakayoyasikia daktari atayajua. Pale usipouliza, andika sikuuliza, usiandike hakuna. Ukiona mgonjwa wako ni wa ajabu sana na jina lako linaanza kukupendeza juu ya karatasi, siku hiyo ndiyo urudi ukamuulize tena. Ripoti ikiharibika, iharibike. Na ukikosea, sema siku ile ile, kwa mwenye mkono wake, sio kwa daktari wake tu. Mimi nilidhani nitasema wiki ijayo.

Kesho rudi kwa mgonjwa wako. Mwalimu wako atangoja.

Mungu akupe sikio la kusikia na ulimi usioona haya kusema nilikosea. Akulinde na wema wa kujifanya. Na ile dua ya Bi Zuwena, Mungu akusitiri, nnakuombea wewe, ichukue yote. Mimi kila nikiikumbuka nataka kumwambia alimwombea asiyestahiki.