Oili Iliyovuja bila Kupungua

Binti yangu wa mwisho, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda, alikuwa mwoga wa sindano kuliko watoto wote niliowazaa. Siku ya chanjo shuleni alijificha chooni mpaka kengele ya mwisho, na mwalimu akamleta nyumbani amemshika mkono, akaniambia, "Mama, huyu wako tumemkamata wa mwisho, na ametung'ata." Leo ana miaka ishirini na saba, na kazi yake ni kuwachoma sindano watoto wa wenzake. Huko milimani anakopita wanamwita Dada Chanjo, na watoto wakisikia mlio wa pikipiki yake wanaingia uvunguni. Nikimkumbusha habari za chooni anacheka, anasema ndiyo maana anajua pa kuwatafuta.

Pikipiki alipewa na zahanati mwaka jana. Ni ile aina ndefu inayokwenda kwenye lami na porini pia, matairi yake yana meno makubwa na kiti kimenyanyuka sana. Kitinda ni mfupi, ufupi huo ameutoa kwangu, na akiikalia anagusa chini kwa ncha za vidole tu. Alijifunzia kwenye uwanja wa mpira kwa wiki mbili. Mimi nilikuwa napita pale na kikapu mkononi kana kwamba naenda sokoni, kisha nasimama nyuma ya goli. Alianguka mara tisa. Baba yake alikwishafariki, kwa hiyo macho ya kumwangalia yamebaki haya yangu mawili, nami sikutaka yapitwe na kitu.

Ilipofaulu kumfikisha milimani na kumrudisha, pikipiki ikapata makao yake kwenye ujia ulio kati ya jiko na stoo. Ililala hapo imeegemea stendi yake ya pembeni, imeinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Mimi ndiye wa kwanza kuamka nyumbani, na asubuhi moja, nikiwa nafagia, niliona tone jeusi kwenye saruji chini yake. Lilikuwa na ukubwa wa kifungo cha shati.

Nilikuwa nimesikia sokoni kwamba injini ikiishiwa oili hukaba ghafla na kumrusha mtu. Nilikijua kidirisha cha kupimia oili, kile kioo kidogo cha duara ubavuni mwa injini, kwa sababu ofisa aliyeileta pikipiki alimwonyesha Kitinda mbele yangu. Nikapiga magoti nikachungulia. Kidirisha kilikuwa kitupu.

Kumwambia sikumwambia. Wiki iliyotangulia alikuwa amenikemea, kwa adabu lakini amenikemea, kwa sababu nilipiga simu zahanati kuuliza kama amefika salama. Alisema namwaibisha mbele ya wenzake, na kwamba yeye si mtoto tena. Basi nikaingia stoo, ambako kulikuwa na galoni ya oili aliyopewa kwa ajili ya matengenezo, nikamimina kidogo kidogo mpaka nikaiona imefika katikati ya kidirisha. Nikafuta lile tone kwa tambara. Yeye alipoamka alikuta pikipiki inang'aa na chai mezani, akanishukuru kwa yote mawili.

Kesho yake tone halikuwepo. Siku ya nne matone yalikuwa mawili, na oili kwenye kidirisha imeshuka. Nikaongeza. Wiki ya pili yakawa matano. Nikaongeza tena, nikafuta, nikaosha na zile sehemu za chini kwa sabuni ili asiende kazini na pikipiki chafu.

Kufikia hapo hata yeye alikuwa ameanza kuona, maana huko alikokuwa akiiegesha ilikuwa inaacha alama. Kitinda hakuwa fundi, na hakujifanya kuwa fundi. Lakini kazini kwao wamefundishwa kwamba ugonjwa hautafutwi kwa kukisia. Unauliza umeanza lini, wapi, na nani amegusana na nani, na unaandika. Akafungua daftari. Jioni akirudi anaandika idadi ya matone na urefu wa safari, na asubuhi kabla ya kuondoka anachungulia kidirisha, naye anaandika. Niliwahi kulifungua. Kila asubuhi ilikuwa neno moja: nusu, nusu, nusu.

"Mama, hii oili inavuja lakini haipungui," aliniambia siku moja akila. "Umewahi kusikia ajabu kama hiyo?"

Nilimwambia ale, chakula kinapoa.

Alikaza boliti ya chini ya kumwagia oili. Haikusaidia. Alibadilisha washa yake, kale kapete kadogo, kwa kufuata maelezo aliyoyaona kwenye simu. Haikusaidia. Alilala chali kwenye ujia na tochi mdomoni kutafuta mahali panapotoka, akakuta pakavu kila mahali, maana nilikuwa nimekwishapita. Akaniomba nisiwe naisafisha kama sufuria. Nilimjibu kwamba nyumba yangu haiwezi kunuka gereji, na hapo nilikuwa nasema kweli nusu.

Jumatano ya wiki ya tatu akaanguka.

Alikuwa anashuka kona ya mwisho kabla ya kijiji cha tatu cha ziara yake, taratibu, na tairi la nyuma likateleza kama limekanyaga sabuni. Alikwaruzika bega, na kifundo cha mkono wa kushoto kikavimba. Boksi la baridi linalobebea chanjo lilipasuka, dawa zote zikaharibika kwa joto. Akina mama walikuwa wamemngoja tangu asubuhi, wengine wametembea saa tatu na mtoto mgongoni. Aliletwa nyumbani kwa gari la mizigo, pikipiki nyuma yake imelala ubavu. Hakulia kwa sababu ya mkono. Alilia alipotaja wale akina mama.

Siku iliyofuata aliandika barua kwa mganga mkuu wa zahanati. Alinisomea. Ilisema kwamba hana uwezo wa kuendesha wala kutunza pikipiki, kwamba amehatarisha dawa za watu, na kwamba anaomba kuirudisha Jumatatu na kupangiwa kazi ya dirishani, ya kuandika kadi. Mganga mkuu akajibu kwa simu kwamba atakuja mwenyewe Jumatatu kuichukua.

Nitasema kilichokuwa moyoni mwangu, kwa sababu bila hicho habari hii haina maana. Nilifurahi. Nilimwona amekaa dirishani, na kadi zake, paa juu ya kichwa, saa kumi jioni yuko nyumbani. Nilimpikia alichopenda. Kisha nikamwona ameketi kwenye ngazi ya mlango, ameukumbatia ule mkono uliofungwa, anatazama ukutani, na akaendelea kutazama ukuta mpaka chakula kikapoa. Mtoto huyu sikuwahi kumwona amekaa bila kufanya kitu.

Jumamosi asubuhi alisimama, akasema hawezi kurudisha mgonjwa bila kujua ugonjwa. Aliniomba nimsaidie kwa sababu alikuwa na mkono mmoja, na akaniomba safari hii nifanye anavyosema yeye. Tukaisukuma uani. Tukaiosha, tukaikausha kwa vitambaa mpaka kwenye vipembe. Halafu akachukua poda yangu ya mwili, akanipa, akanielekeza niinyunyize injini yote na sehemu za chini. Pikipiki ikawa nyeupe kama iliyotoka kinuni. Akaiwasha, ikanguruma robo saa, na sisi tumechuchumaa kila mtu upande wake. Oili ikitoka mahali, poda palepale italowa.

Boliti ya chini ilibaki nyeupe. Maungio ya injini yalibaki meupe. Mstari mweusi ulianzia juu kabisa, kwenye kampira kanakoning'inia chini ya boksi la hewa, ukashuka mpaka karibu na mnyororo, na tone likaangukia ubavuni mwa tairi la nyuma. Kitinda alilitazama lile tairi, akaligusa kwa kidole. Akafungua boksi la hewa. Sponji ya kuchuja hewa ilikuwa imelowa oili chapachapa.

"Oili imefikaje huku juu?" alisema. Hakuwa ananiuliza mimi.

Akamwita fundi wa mtaa wa pili. Fundi huyu watu wote wanamwita Kimya, kwa sababu hajawahi kunyamaza. Alianza kuongea akiwa bado getini, akauliza ni nani ameifanya pikipiki andazi, akanipa pole ya poda yangu. Aliikagua sponji, akaacha kucheka. Akaishika pikipiki kwa mikono miwili, akaiondoa kwenye stendi na kuisimamisha wima kabisa, akamwambia Kitinda achungulie kidirisha.

Kilikuwa cheusi chote. Hapakuwa na nusu wala mstari.

Kimya akaeleza. Alisema pikipiki ikilala kwenye stendi ya pembeni inainamia kushoto, na oili yote inakimbilia huko, wakati kidirisha kiko kulia. Ukiipima imeinama utaona imepungua, hata kama imejaa. Inapimwa imesimama wima, la sivyo unadanganywa. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba yule ofisa, siku ile alipotuonyesha, alikuwa ameikalia. Hakuna aliyetuambia kwamba hilo nalo ni sehemu ya somo.

"Injini hii imeshindiliwa," alisema Kimya. "Oili ikizidi haina pa kukaa, inatapikwa kupitia mpira wa kupumulia mpaka kwenye boksi la hewa, halafu chini. Wewe dada umekuwa ukiongeza."

Kitinda akasema hajaongeza hata tone.

"Wanaoanza wote husema hivyo. Mimi mwenyewe nilipoanza nilimwambia bosi wangu vilevile, na chupa iko mkononi."

Nilimwona mwanangu anainamisha kichwa. Akafungua daftari, akaanza kurudisha kurasa nyuma, anatafuta siku aliyosahau kuandika. Alisema taratibu kwamba labda aliongeza mara moja siku ya mvua akasahau, kwamba siku zile alikuwa amechoka sana. Alikuwa anajitafutia kosa, na angelipata, maana mtu akitafuta kosa lake kwa bidii hivyo halikosekani. Jumatatu ingefika na pikipiki ingeondoka. Mimi nilichotakiwa kufanya ni kukusanya vitambaa tu.

"Ni mimi," nikasema.

Wote wakageuka. Nikawaambia habari ya lile tone la kwanza, galoni ya stoo, na tambara la asubuhi. Nilieleza nikiwa nimemtazama Kimya kwa sababu sikuweza kutazama kwingine. Kimya akauliza lile tone la kwanza lilikuwa upande gani. Nikamwonyesha, chini ya mnyororo. Akamwuliza Kitinda kama huwa anaupaka mnyororo oili. Kitinda akasema ndiyo, kila Jumapili, na siku ile aliupaka sana.

"Basi lilidondoka kutoka kwenye mnyororo," alisema Kimya. "Injini haikuwa na ugonjwa wowote."

Kitinda alitazama mkono wake uliofungwa, kisha akanitazama.

"Kwa nini hukuniuliza, mama?"

"Niliogopa ungesema naingilia."

"Ningesema. Halafu ningekuja kuangalia."

Aliandika kitu kwenye daftari, nami sikukiona. Akalegeza boliti ya chini kwa mkono mmoja, Kimya akimshikia beseni, wakaipunguza oili. Iliyozidi ilikaribia kujaza chupa ya lita moja. Tairi wakalisugua kwa sabuni ya unga na brashi. Mimi nilichota maji, na nilipotaka kusugua Kitinda akasema hapana, atasugua mwenyewe. Siku hiyo na iliyofuata alinijibu nilipomwuliza kitu, ila hakuanza mazungumzo.

Jumatatu mganga mkuu alikuja na dereva wa kuichukua pikipiki, barua ikiwa mfukoni mwake. Ni mtu mpole, anayezungumza akitazama viatu vyake. Kitinda alimwomba amrudishie barua. Alimweleza kwamba oili ilizidi, kwamba ilipimwa vibaya, naye alikuwa anasoma nusu kila asubuhi bila kujua anachosoma. Mimi hakunitaja. Nikajitaja mwenyewe, kwa sababu nilijua akishaondoka yule mtu lingebaki kwenye faili jina la mwanangu peke yake.

Mganga mkuu alifikiri. Akasema dawa zilizoharibika zilikuwa za watoto arobaini na wawili, na kwamba kabla ya kurudisha barua anataka kuona kipimo sahihi kwa macho yake.

Kitinda hakuweza kuisimamisha pikipiki kwa mkono mmoja. Dereva akasogea, lakini yeye alinigeukia mimi. "Mama, ishike."

Nikaishika usukani. Ni nzito, sikujua ni nzito kiasi kile. Nikaiondoa kwenye stendi, nikaisimamisha. Na wakati wote huo nilikuwa natamani mganga mkuu aichukue. Sitaficha. Nilikuwa naweza kuilegeza kidogo, kuinamisha upande mmoja kwa upana wa vidole viwili, na kipimo kingeharibika, na wote wangeona tu mama mzee asiye na nguvu.

"Imenyooka?" aliuliza Kitinda, amechuchumaa.

Nilitazama gurudumu la mbele, nikalilinganisha na nguzo ya geti. Nikaisogeza kidogo kulia.

"Imenyooka," nikasema.

"Katikati," akasema yeye, na mganga mkuu akainama kuhakikisha.