Kamba Ndani ya Basi la Mangobo

Kabla ya uhuru mtu mweusi hakutembea katikati ya mji usiku bila karatasi ya ruhusa. Ndiyo maana jambo la kwanza tulilofanya mimi na mume wangu uhuru ulipofika halikuwa na maana hata kidogo: tulipanda basi la usiku. Tulitoka mtaa wetu wa Mangobo mpaka mjini, tukaziangalia taa za barabara na nyumba za wazungu, tukarudi na basi lile lile bila kushuka. Mume wangu alivaa koti, na joto lote lile! Mimi nilijipaka manukato kama ninayekwenda arusini. Ramani ziliuita mji Stanleyville, sisi nyumbani tulisema Kisangani siku zote, na usiku ule tuliona umekuwa wetu kweli.

Sijapenda basi tena namna ile. Miaka michache baadaye waasi waliuteka mji, na basi lile likawa njia yangu ya kwenda kazini na kurudi. Mume wangu alikuwa amepeleka vitambaa Bunia, barabara ikafungwa nyuma yake, hata salamu hazikupita. Nilibaki na mtoto wa kunyonya na baba yangu, fundi cherehani, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka. Nikapata kazi ya kufua mashuka ya hospitali mjini. Tulimaliza baada ya giza kuingia, na kwa kuwa watu walikatazwa kutembea usiku, basi moja tu liliruhusiwa kuturudisha: mjini, mtaa wa Tshopo, Mangobo, kisha upande wa Kapalata, kwenye kambi ya askari. Ruhusa hiyo ilikuwa na sharti. Wapiganaji wa waasi waliokwenda kambini walipanda pamoja nasi.

Lazima nieleze habari ya dawa, maana bila hiyo hadithi hii haipo. Kila mpiganaji alikuwa amechanjwa kifuani na kunyunyiziwa maji na mganga wao, na aliamini kwamba akishika masharti, risasi itageuka maji mwilini mwake. Masharti yalikuwa mengi. Asiibe. Asile chakula alichopika mwanamke. Akiwa vitani asigeuke nyuma, na wengine walilishika hilo hata barabarani na kwenye basi. Asiguswe na mwanamke. Na mwanamke akiwa katika siku zake, basi, hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote: dawa ilikufa pale pale.

Sasa fikiria kuyashika masharti hayo ndani ya basi lililojaa. Receveur wetu, yule mfungua mlango na mpanga abiria, alikuja kuniomba kamba ya kuanikia mashuka. Aliifunga kutoka dirisha hadi dirisha. Wapiganaji walikaa mbele ya kamba, wanaume wa kawaida walisimama katikati kama ukuta, wanawake tukasukumwa nyuma kabisa. Mlango ulikuwa mmoja, wa mbele, kwa hiyo tulipofika kituo cha mwanamke wapiganaji walishuka kwanza, wakasimama kando na migongo kwetu mpaka tumalize kupita.

"Banamuke nyuma! Banaume katikati!" receveur alipiga kelele kila jioni. "Na wewe mama, kusanya liputa yako, inatembea peke yake?"

Tulikusanya liputa, vitenge vyetu vya kiunoni, tukacheka. Nasema wazi kwamba tulicheka, maana wanaosimulia miaka ile hupenda kutufanya tuwe tunalia asubuhi mpaka jioni. Mwenzangu wa kazi, mama mmoja mnene wa Yanonge aliyezaliwa katika familia ya wavuvi, alisema ameona samaki wakipangwa vizuri zaidi ndani ya kikapu. Lakini tulicheka kwa sauti ya chini. Mwanamke mmoja alikuwa amemgusa mpiganaji sokoni, begi lake tu lilimgusa, wakampiga, na shuka alilolalia hospitalini nililifua mimi.

Siku jambo lenyewe lilipotokea, nilikuwa katika siku zangu. Kwetu Waislamu mambo hayo yana adabu yake: mwanamke haswali, na watu wa nyumbani wakiona hajatandika mkeka wanaelewa, hawaulizi. Baba yangu hata hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. Nilikwenda kazini nimejifunga vizuri, nikafua, nikapanda basi, sikuwaza lolote.

Basi lilijaa kuliko kawaida. Ukuta wa wanaume ulivunjika kwa msongamano, nikajikuta nimesimama kwenye kamba yenyewe, nimeishika. Mbele yangu, kiti cha mwisho cha wapiganaji, alikaa mmoja peke yake, majani ya mchikichi yamefungwa kichwani, mabega wazi. Wenzake walikuwa mbele karibu na dereva. Taa ya ndani haikuwaka. Karibu na Tshopo gurudumu likaingia shimoni, kamba ikalegea, watu wa nyuma wakanilemea, na mkono wangu ukatua kwenye bega lake, karibu na shingo.

Ngozi yake ilikuwa ya moto. Ningeuondoa mkono mara moja kama ningeweza, lakini uzito wa basi zima ulikuwa mgongoni mwangu. Nilisikia anavyopumua. Nilijua akipiga kelele wenzake watakuja, na nilijua watakachonifanya.

Hakugeuka. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama, toa mukono."

Basi likakaa sawa, nikautoa. Nikainama, nikamwita yaya, yaani kaka, nikamwambia sikioni, "Pardon, yaya. Usiseme. Niko na mutoto ku nyumba."

Kisha akasema, "Siko nasema."

Na kweli hakusema. Tulipofika Mangobo alishuka na wenzake, akasimama na mgongo kwetu, nikapita. Mama wa Yanonge, ambaye alikuwa ameona kila kitu, alinishika mkono mpaka mlangoni kwangu, mkono ule ule, akausugua kama anayeondoa masizi ya sufuria. Aliniambia nimshukuru Mungu. Nilimshukuru. Usiku ule nilimnyonyesha mtoto nikiwa na furaha, furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Habari ya yule mtu wa majani kichwani sikuiwaza hata kidogo.

Siku kadhaa zikapita. Jioni moja akapanda tena. Nilimjua kwa mabega. Akaketi pale pale, na basi lilipoanza kwenda akasema kama anayezungumza na kioo cha mbele:

"Mama wa mukono, uko?"

Nilitaka kunyamaza. Mama wa Yanonge alinikanyaga mguu ninyamaze. Lakini huyu mtu aliniokoa, nitamnyamaziaje? Nikasogea kwenye kamba. "Niko."

"Nakuuliza kitu, ujibu tu. Siku ile, ulikuwa na mambo ya banamuke?"

Kiswahili chake kilikuwa cha mtu wa mbali, kimechanganyika na Lingala. Alinieleza kwa haraka, bila kugeuza shingo, kwamba yeye ni mtu wa Yahuma, mkulima, na kesho wanapanda kamyo, lori la askari, kwenda vitani.

"Kama ulikuwa nayo, dawa imekufa," akasema. "Donc nitarudi kwa munganga. Nitamuambia nilikula chakula ya kukatazwa, sitataja mutu. Na nitakutaja namna gani? Hata sura yako siijui. Munganga ataniweka hapa mpaka anitengeneze tena, kamyo itaenda bila mimi. Kama ulikuwa safi, bon, dawa inavumilia."

Nimelirudia neno hilo maishani mwangu kuliko aya yoyote niliyofundishwa: kamyo itaenda bila mimi. Alinifungulia mlango wazi kabisa. Sikuwa na hatari tena, alikuwa ameiondoa kwa mkono wake mwenyewe. Nilichotakiwa ni kusema ndiyo, neno moja, ili mkulima wa Yahuma abaki mjini ale muhogo wake.

Lakini wanaume walikuwa wamesimama kulia na kushoto kwangu. Mmoja alikuwa jirani yetu, anashona kofia, anaswali msikiti mmoja na baba yangu. Alikuwa ameacha kuzungumza ili asikilize. Jambo ambalo baba yangu mzazi haliulizi, nilisemee ndani ya basi, mbele ya fundi kofia? Nilisikia uso unawaka. Na chini ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kingine kinachonichukiza zaidi leo: nilimdharau. Nilijiambia, maji na majani haya, yafe au yasife, kuna tofauti gani? Mimi siyaamini. Nikasahau kwamba yeye aliyaamini.

"Nilikuwa safi," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli, yaya."

Mabega yake yalishuka. Nilikuwa sijatambua jinsi alivyoyakaza. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepata nafuu.

"Merci, mama. Sasa nitalala."

Tulipofika Mangobo akashuka na wenzake, akasimama kando, akatupa mgongo. Nilipopita, mama wa Yanonge, aliyejua siku zangu, aliniuliza kwa nini nimedanganya. Nikamjibu kwa ukali kwamba nimempa mtu moyo, kuna ubaya gani? Akakaza liputa yake, akatangulia njia.

Watu wote niliowasimulia habari hii tangu wakati ule wana haraka ya kunisamehe. Mume wangu aliporudi kutoka Bunia alisema vita ni vita. Binti yangu, ambaye sasa ana wajukuu, anasema risasi haiulizi mwanamke alikuwaje. Najua! Mimi si mjinga. Sikuwahi kuamini hata siku moja kwamba mkono wangu uliharibu chochote. Wananisamehe mkono, na mkono haujawahi kuninyima usingizi. Ninachowaambia ni kwamba mtu aliniuliza swali, na jibu langu ndilo lililompandisha kwenye kamyo. Hapo hubadilisha mazungumzo, wananiuliza kama nimekunywa chai.

Majeruhi walianza kurudi. Mashuka yaliongezeka mpaka tukayalundika nje. Kila jioni nilitazama kiti cha karibu na kamba. Kwanza nilitazama ili nione kama yupo. Baadaye, Mungu anisamehe, nilitumaini hatakuwepo wala hatatajwa, ili nibaki na wasiwasi wangu bila habari kamili.

Kisha akapanda mwingine. Alikuwa mmoja wa wale waliokaa na dereva siku zile, kijana mrefu, mkono umefungwa shingoni, ametoka hospitalini anarudi Kapalata. Hakwenda mbele. Aliketi kwenye kiti kile cha mwisho, akakipapasa ubao wake.

"Ule wa Yahuma alikuwa anakaa hapa," akamwambia receveur.

Receveur akauliza taratibu yuko wapi sasa.

"Amekufa, papa. Zamani alikuwa na woga, kila mara anabaki nyuma yetu. Siku ile hana woga kabisa. Alisema, dawa yangu iko nzima, nimehakikisha. Akatutangulia sisi wote ku barabara. Anatembea wima tu. Mimi nikaona kitu ku majani, nikamuita jina yake. Akageuka."

Alianza kulia, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa umefungwa alijifuta vibaya, kwa kiwiko.

"Iko kukatazwa kugeuka, unajua. Dawa yake ilikuwa nzima, ni mimi niliiharibu. Mama yake akiniuliza, nitamuambia nini? Ni mimi nilimuua."

"Hapana, ndeko, ndugu yangu," receveur akasema. "Hapana." Lakini hakuwa na kitu cha kuongeza.

Mimi nilikuwa nacho. Nilikuwa nacho mdomoni, kizima. Ningemwambia: ndugu yangu, usilie, kwa masharti yenu wenyewe dawa ile ilikwisha kufa kabla hujafungua kinywa, mimi ndiye niliyeiua na mimi ndiye niliyemdanganya. Angenipiga, pengine. Pengine wangenishusha pale pale. Lakini angelala usiku ule, na usiku uliofuata, na angekwenda Yahuma kumtazama mama wa mwenzake machoni. Mama wa Yanonge alinishika goti. Sijui kama alikuwa ananizuia au ananisukuma, na sikumuuliza mpaka alipokufa.

Tukafika Mangobo. Receveur akamwambia kijana ashuke kidogo ili wanawake wapite, naye akatikisa kichwa, hakuwa na nguvu za kusimama. Basi ikabidi tupite kando yake, mmoja mmoja, kila mwanamke amejibana. Alikuwa ameinamisha uso, machozi yanadondoka kwenye bandeji, bandeji ambayo huenda niliifua mimi. Nilipofikiwa na zamu yangu nilikusanya liputa, nikaficha mikono yote miwili chini ya kanga, nikapita bila kumgusa.