Posa Kwenye Mashua Nyembamba

Mwaka nilioanza kuendesha gari kutoka Plano hadi Houston karibu kila wikiendi, binti yangu alidhani kuna mgonjwa huko ambaye namficha. Aliniuliza kwa Kiingereza, kama anavyouliza mambo yote mazito, nani anaumwa. Nikamwambia hakuna anayeumwa, naenda kujifunza kuendesha mashua. Akauliza kama basi mimi ndiye ninayeumwa.

Sikumlaumu. Nilikuwa mjane niliyevuka hamsini, mhasibu, mtu wa ofisini, kanisani na dukani basi. Nimezaliwa Dodoma, na maji mengi niliyoyajua utotoni yalikuwa ya kwenye pipa. Kuogelea sijui hadi leo.

Mwenye mashua nilikutana naye kwenye harusi Pearland, kusini mwa Houston. Tulipangiwa meza moja. Alikuwa Mkenya, muuguzi katika hospitali moja ya Houston, mjane kama mimi, mpole, mwenye mikono mikubwa iliyooshwa sana. Mtu mmoja pale mezani akamtania, "Bado unalilea lile bomba lako?" Watu wakacheka. Yeye akajibu bila kuudhika kwamba analilea, na kwamba linaendelea vizuri. Alijibu kama mtu aliyeulizwa habari za mtoto.

"Bomba gani?" nikamuuliza.

Akanieleza. Jirani yake wa zamani, mzee Mwingereza, aliikumbuka sana mifereji ya kwao, ambako watu husafiri na kuishi ndani ya mashua ndefu, nyembamba, za chuma, kama mabomba. Alipostaafu akajitengenezea moja, hukuhuku Texas, akaiegesha kwenye mfereji uliochimbwa nyuma ya nyumba za kusini mwa Houston. Uzee ulipomlemea akahamia kwa wanawe, na mashua akamwachia jirani pekee aliyewahi kumsaidia kuisugua.

"Wewe kuja Jumamosi uone," akasema.

"Njoo," nikamsahihisha.

"Nakuja wapi tena? Mimi ndiyo nakuita."

Nilicheka hadi soda ikanipanda puani. Jumamosi iliyofuata nilikwenda.

Mashua ilikuwa ndefu kama mabasi mawili yaliyofuatana, na nyembamba kiasi kwamba nilipoingia ndani na kunyoosha mikono, nilikaribia kugusa kuta zote mbili. Ilikuwa na jiko dogo, kitanda, choo, mapazia ya maua. Nilitaka safari mara moja. Yeye akafungua ubao wa sakafu kule nyuma, kwenye tezi, akanionyesha shimo lenye giza.

"Kabla ya kuwasha chochote, angalia huko chini."

Huko chini ni mahali maji yanayovuja hukusanyika. Baadaye rafiki yangu wa Tanga aliniambia panaitwa ngama, na mimi nikamfundisha mwenye mashua, akafurahi kama nimemletea zawadi. Kila safari ilianza hivyo: ngama kwanza, halafu oili, halafu maji ya betri. Na kila tulipofunga gati jioni kulikuwa na grisi. Shafti inayozungusha rafadha, ile panga inayoisukuma mashua, hupita kwenye tundu la chuma hadi nje majini, na kinachozuia maji kuingia hapo ni grisi. Kuna kikombe cha shaba, unakikaza taratibu hadi kikatae. "Ukisahau," alisema, "utalala kwenye mashua na kuamka kwenye bahari."

Kuiendesha ndiko kulikonimaliza. Unasimama nyuma kabisa ukishika mkono wa usukani, na ukiusukuma kushoto, omo, yaani mbele ya mashua, inakwenda kulia. Tena haiendi pale pale. Inafikiria kwanza. Mimi, niliyezoea gari, nikaona haijanisikia, nikazidi kusukuma, na ilipoamua kugeuka, iligeuka yote. Tukaenda moja kwa moja kwenye gati la mzee mmoja aliyekuwa akivua samaki miguu ikiwa majini. Akaitoa miguu yake taratibu, akatupisha, tukagonga nguzo yake kidogo, akairudisha miguu. Akatuambia siku ni nzuri.

"Haina breki," mwalimu wangu akasema nyuma yangu, kwa sauti ileile anayoitumia nadhani kwa wagonjwa. "Ukitaka kusimama, anza mapema kurudi nyuma. Na ukipita karibu na mashua za watu, punguza hadi usikie aibu, la sivyo wimbi letu litazikata kamba zao."

Ajabu ni kwamba mtu mwenye haraka kama mimi nilipenda ule upole. Kwenye barabara kuu kutoka Plano nilikuwa nikipigiwa honi kila upande. Kwenye mfereji tulipitwa na mwanamke aliyekuwa akitembeza mbwa ukingoni. Kisha mbwa akasimama kunusa, nasi tukampita, nikashangilia kama tumeshinda mashindano.

Nilijifunza kufunga kamba kwa kuiachia nafasi, kwa sababu maji hupanda na kushuka, na mashua iliyobanwa sana huning'inia. Nilijifunza kubadilisha vipande vya zinki vilivyofungwa ubavuni, ambavyo maji ya chumvi huvila badala ya kula chuma chenyewe. Majira ya joto chuma kile kilikuwa tanuri, tukapaka paa rangi nyeupe, tukafunika madirisha kwa taulo mbichi, tukala matikiti tukiwa tumekaa nje kivulini tusiweze hata kuongea. Wakati fulani katika miezi hiyo aliacha kuniita dada. Hakuniita jina lingine lolote. Aliacha nafasi tupu mahali pale pa dada, na mimi kila nikiisikia ile nafasi, moyo wangu ulikuwa unaruka.

Joto lilipopungua, nilifika Jumamosi moja nikamkuta amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Shati la mashuani mimi nililijua, lilikuwa na madoa ya oili. Alisema ameamua tu. Hakupima oili, nikapima mimi.

Tulitoka kwenye mfereji tukaingia bayou, ule mto wa kule unaokwenda polepole kiasi kwamba hujui unaelekea wapi. Ghafla injini ikaanza kukohoa na mashua kutetemeka. Kitu kilikuwa kimenasa kwenye rafadha. Hili tulishalifanya mara nyingi. Unazima injini, unachomoa ufunguo na kuutia mfukoni ili mtu asije akawasha mkono wako ukiwa kwenye rafadha. Kisha unafungua kifuniko kizito kilichopo tezini, juu ya rafadha, na kuingiza mkono majini. Zamu ilikuwa yangu. Nililala kifudifudi, mkono hadi begani kwenye maji meusi, nikijaribu kutowafikiria mamba wa mto ule.

"Ninataka kukuuliza kitu," akasema juu yangu.

"Nipe kisu kwanza."

Akanipa kisu. Nikakata, nikavuta, likatoka turubai la bluu, vipande kwa vipande, na kamba yake. Nikakaa nikihema. Akanambia nipumzike, atakifunga kifuniko mwenyewe. Akakifunga, akawasha, tukaondoka. Nilikuwa najifuta mkono aliposema, akiangalia mbele kabisa kama mtu anayesoma kibao cha barabarani:

"Nimekuwa nikifikiri kama ungekubali tuoane."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa nimefungua mdomo. Wakati huohuo niliona ndala yangu ya ndani, ile niliyoiacha kando ya kitanda, ikija kwangu ikielea.

"Zima injini," nikasema.

Akageuka, uso umemwanguka. "Hiyo ni hapana?"

"Zima injini. Tunazama."

Kifuniko kilikuwa kimekaa upande. Mtu aliyenifundisha kukikaza, aliyekuwa akirudia kila mara kwamba kikilegea rafadha itayarusha maji yote ndani, alikuwa amekiweka kama mfuniko wa sufuria. Alizima, akatia ufunguo mfukoni, akakibana, na mimi nikakimbilia pampu. Pampu ikanyonya kidogo, ikameza kipande cha turubai, ikanyamaza. Tukashika ndoo na sufuria ya ugali. Tulichota na kumwaga, tukapishana kwenye ule upenyo mwembamba tumbo kwa tumbo, shati jeupe likawa la kahawia. Mimi nilianza kucheka, naye akaanza, na mtu anayecheka hawezi kuinua ndoo iliyojaa. Mashua ikajipeleka yenyewe kwenye matete ikatulia hapo, imekaa chini nyuma kama kuku anayetaga.

Mume na mke wazee wakapita na boti yao ndogo, wakauliza kwa Kiingereza kama tunahitaji msaada.

"Maji tumeyaweza," akawajibu. "Ila nimemposa na bado hajanijibu."

Bibi yule akamgusa mumewe begani. Mume akazima injini yao. Wakakaa, mikono kwenye mapaja, wakinitazama mimi.

Nilikuwa nimeshika sufuria, nywele zimelowa. Nikasema ndiyo kwa Kiswahili. Wale wazee wakamwangalia yeye wapewe tafsiri, lakini alikuwa ameshaanza kupekua mfuko wake, kwa hiyo nikawatafsiria mwenyewe. Bibi akapiga makofi. Mume wake akaondoa kofia.

Pete ilikuwa mfukoni mwake pamoja na ufunguo. Ilikwama kwenye kiungo cha kidole changu, maana vidole vilikuwa vimevimba kwa kazi. Akachovya grisi kidogo ya shafti, akapaka, ikapita. Wale wazee wakatuvuta kwa kamba hadi nyumbani, bibi akinigeukia kila mara na kunionyesha kidole gumba.

Tulifunga ndoa majira ya kuchipua. Sasa naishi Pearland, hesabu za ofisi ya Plano nazifanya kwa kompyuta, na binti yangu akija huomba yeye ashike usukani. Lakini ninachopenda kukisimulia zaidi ni kesho yake baada ya ile posa, siku ya Jumapili. Tulitoka kanisani tukaanza kuanika. Tulitandaza kwenye nyasi, mbele ya nyumba yake, godoro, mapazia ya maua, mito, mazulia na sufuria. Magari yakaanza kusimama. Watu wa kule wakiona vitu nje Jumapili hudhani vinauzwa.

Mama mmoja akashuka kwenye pikapu, akalizunguka zulia jekundu, akauliza bei.

"Limelowa," mchumba wangu akamwambia.

"Litakauka," mama akasema.

Tukatazamana. Tukampa bure. Tulimsaidia kulikunja na kulipakia, akaondoka nalo likichuruzika maji ya bayou barabara nzima, nasi tukabaki tumesimama kwenye nyasi tukimpungia mkono.